Siku ya Mgao

Mfereji umekohoa mara mbili, ukanyamaza.
Jumanne, Kariobangi hatuna zamu.

Mutheu anapaka vaselini shingoni mwa chupa,
anaibana kwenye stendi, anakaza — si sana,
imebaki hii moja; ile nyingine
kidato cha tatu waliivunja na deni bado.
Ndani, spiriti na maji vimeingiliana
hata huwezi kusema nani ni nani,
na vigae vitatu vya kikombe changu cha chai
visije vikachemka kwa kuruka.
Ncha ya kipimajoto mkabala na mlango wa mvuke.
Shusha kidogo. Hapo.

Na maji ya kupoza?
Anatoka bila ruhusa,
anarudi na mtungi wa lita ishirini
wa mama wa supu pale langoni,
anaupandisha juu ya kabati la asidi,
anavuta mpira kwa mdomo, anatema.
"Yaingilie chini, Mwalimu," ananikumbusha mimi,
"yapande yenyewe."

Sabini na nane.
Wanafunzi arobaini na wawili, hakuna anayekohoa.
Tone la kwanza linaning'inia,
linanenepa,
linasita.

"Mtungi," ananong'ona Mutheu,
"mwenyewe anautaka kabla ya saa sita."