Mstari wa Kumi na Saba

Nilikuja Dundee kusomea roho za watu,
nikakuta namba.
Hakuna aliyenionya. Kwenye kijitabu cha chuo
palikuwa na picha ya msichana anamsikiliza mzee,
kichwa kakiinamisha, kalamu mkononi,
wala hapakuwa na jedwali hata moja.

Mama aliniaga stendi ya Same kwa neno moja:
"Nambua, usije ukakengeuka huko."
Sasa ni Jumanne, saa tatu asubuhi,
Daktari Imrie anaandika ubaoni,
nami kamusi yangu inatafsiri: mkengeuko sanifu.
Nikacheka peke yangu, kiti cha nyuma.
Kumbe kukengeuka kuna kanuni, Mama.
Unatoa, unazidisha, unajumlisha, unagawa,
unatafuta kipeuo cha pili,
na jibu linakuambia umepotea kiasi gani.

Mtihani wa kwanza nilipata thelathini na nane.
Nililia chooni, ghorofa ya pili,
bomba nimeliacha wazi.

Wiki ya sita tukajipima wenyewe,
watu thelathini na watatu, bila majina:
saa ulizolala tangu jana,
na maneno uliyokumbuka kati ya ishirini.
Nadharia yetu ilikuwa tete, lakini ilieleweka:
alalaye vizuri hukumbuka vizuri.
Vitone vikapanda ukutani kama siafu,
vyote isipokuwa kimoja,
juu kabisa, kushoto, hakina jirani:
saa tatu za usingizi, maneno kumi na tisa.

"Mstari wa kumi na saba," akasema Daktari Imrie,
wala si kwa ubaya. "Huyu pengine alikosea kujaza.
Tumwondoe, tuone."

Nilikuwa nimetoka zamu saa moja,
sabuni ya nyumba ya wazee ingali viganjani.
Maneno ishirini ni nini
kwa mtu abebaye kichwani kila usiku
dawa za wazee kumi na wanne,
nani ya moyo, nani ya sukari,
nani humeza kwa maziwa,
nani huificha chini ya ulimi akutemee alfajiri?
Lile moja lililonitoka lilikuwa mto.
Wa kulalia, si huu wa Tay
unaopita chini ya dirisha bila haraka.

Kitufe kimoja tu.
Thamani ya p ikashuka, kutoka sifuri nukta sifuri nane
hadi sifuri nukta sifuri tatu.
Mtu akapiga makofi.
Digrii za uhuru zilikuwa thelathini na moja,
zikabaki thelathini.
Nikamuuliza Eilidh, uhuru wa nani?
Akasema, we andika tu.
Nikaandika. Sikunyosha mkono.

Usiku Bi Geddes hataki kulala.
Ujanani alihesabu nyuzi kiwanda cha juti,
siku hizi anatuhesabu sisi.
"Leo tuko wangapi?"
Kumi na wanne, Bi Geddes.
Ananitazama kama aliyepunjwa chenji.
"Na wewe umejiweka wapi?"
Nikasema basi, kumi na watano.
Akaridhika. Baada ya dakika kumi
akauliza tena, nikajibu tena,
safari hii sikukosea.

Kisha nikafungua kompyuta juu ya meza ya dawa,
nikaurudisha mstari wa kumi na saba mahali pake,
nikapiga hesabu upya, taratibu, kwa kidole.
Sifuri nukta sifuri nane.
Chini yake nikaandika majibu yote mawili,
akiwemo na asipokuwemo,
na sentensi moja: huyu hakukosea kujaza.

Saa nane za usiku. Redieta inagugumia.
Nimebakiza kurasa nne,
na kile kipeuo cha pili, sitadanganya,
bado sijui kinatafuta nini pale.