Slaidi ya Kumi na Tatu

Nilikwenda na slaidi arobaini.
Maktaba ya mtaa wa Bałuty, mjini Łódź, mwezi wa Novemba,
saa kumi tu jioni na giza limeshajaa madirishani.
Watu ishirini na wawili, makoti mapajani,
chai kwenye bilauri, kipande cha limau kikielea.
Wengi walifuma vitambaa hadi viwanda vilipofungwa;
masikio waliyaacha mle, kwenye ngurumo za mitambo.
Nikapaza sauti.

Nikasema: saratani si mgeni aliyebisha hodi.
Ni seli yako mwenyewe, imekunywa maji ya nyumba yako,
siku moja ikasahau kufa.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Na walinzi wa damu hupita, huitazama,
huona nguo za nyumbani,
huipigia saluti.

Slaidi ya kumi na tatu: mishale, herufi, viduara.
Bi Genowefa Pluta akanyoosha mkono.
“Mimi nilikuwa mkaguzi wa vitambaa.
Kasoro haionwi, Daktari. Unapitisha kiganja.
Hao walinzi wenu mmewapa macho, au vidole?”

Nikazima mashine.

Vidole, nikasema. Vidole, Bi Genowefa.
Tunakutoa damu, tunachambua walinzi wako,
tunawapeleka maabara na kuwaotesha kidole kipya
kinachojua fundo moja tu,
lile lililochomoza juu ya ngozi ya seli mbovu.
Wanalishwa. Wanazaana. Wiki zinapita.
Wanarudi kwako ndani ya mfuko
usiozidi pakiti ndogo ya maziwa,
na ndugu waliopanda treni toka Radom wanauliza:
ndiyo hiyo tu?

Ndiyo hiyo. Kisha homa.
Walinzi wakiamka kwa pamoja, mwili huwaka,
na akili huweza kuteleza.
Kwa hiyo kila asubuhi mgonjwa huandika sentensi moja, ileile.
Tymon, miaka kumi na tisa, damu yake ilishakataa dawa zote,
alichagua: *Mbwa wangu anaitwa Guzik.*
Siku ya nne mbwa hakuwa na jina.
Siku ya tano palikuwa na mistari tu,
kama kuku amepita kwenye majivu.
Siku ya saba, herufi zikiyumba, Guzik alirudi.
Karatasi ile ninayo.
Ninayo pia karatasi ya mwingine,
iliyoishia siku ya tano.

“Na kongosho?” Bwana Zenon, mstari wa nyuma.
Alikuwa amevaa pete mbili kidole kimoja.

Ningeweza kuwasha mashine tena.
Slaidi ya thelathini na moja ina panya, na panya wale walipona.
Nikasema: uvimbe mgumu hujenga kuta,
walinzi hufika langoni wakiwa hoi, vidole vimekufa ganzi.
Tunajaribu. Kongosho, bado.

Akaitikia kwa kichwa,
kama mtu aliyetajiwa bei aliyoijua tangu nyumbani.

Baadaye tulikunja viti.
Bi Genowefa akapitisha kiganja juu ya kitambaa cha meza,
polepole, akasimama karibu na birika.
“Hapa. Uzi umekatika.”
Nikaweka mkono wangu palepale.
Sikuhisi kitu.
“Rudia,” akasema, “huna haraka ya kwenda popote.”