Pini

Vua pete, vua saa, vua na hirizi kama unayo,
nawaambia wagonjwa kutwa, hospitali ya Nizwa,
kwa Kiarabu kwanza, halafu kwa Kiswahili
kwa mabibi waliozaliwa Unguja, wanaocheka:
"Mwanangu, hii haitoki, imeshakula nyama."
Mashine haina masihara. Juzi ilinyakua pini ya shela,
ikaruka kama panzi, ikanata mdomoni mwa sumaku.

Na sumaku yangu bado mtoto.
Azzan, fundi wa mitambo, ndiye aliyenambia,
usiku tuliopanda Saiq, darubini yake kiti cha nyuma,
polisi wa kizuizi wakimulika magurudumu,
baridi ya mlimani ikiingia hadi kwenye fizi.
Akaielekeza kusini, chini ya mkia wa Nge,
palipokaribia kuguswa na jabali. "Huko. Hutaiona.
Pana nyota iliyokufa, upana wake
Nizwa mpaka Birkat al-Mauz, basi,
na ingesimama nusu ya njia ya mwezini
ingefuta kadi zetu zote za benki."

Imezipata wapi nguvu hizo?
Huenda, akasema (na huenda yake ilikuwa ndefu),
haikuwa peke yake. Walikuwa wawili, majitu,
wakizungukana karibu hata majoho yakagusana.
Mkubwa alichoka kwanza, akavimba,
ngozi yake ikamwagikia mwenzake,
na mwenzake, kwa kulishwa, akazidi kuzunguka,
pia, pia, mpaka usumaku ukamkolea mwilini.
Kisha naye akalemewa. Akarudisha kiasi,
kingine akakimwaga ovyo angani.
Kupungua huko ndiko kulikomwokoa:
angekufa na uzito wake, angekuwa shimo jeusi.
Alipolipuka, yule wa kwanza alirushwa.
Anakwenda hadi leo, mbio, hana wa kumzunguka.

Nilinyamaza. Nilikuwa namhesabu Zahor.
Mitende kumi na minane ya babake, pale Firq,
aliiuza pamoja na zamu yake ya maji ya falaji
nikasome Karachi.
Nikarudi nazunguka: zamu za usiku, cheti juu ya cheti.
Nikamlipa. Gari. Paa. Meno ya mama yake.
Kulipana kukawa ndiyo mazungumzo yetu.
Siku moja nikapasuka
kwa jambo dogo, chumvi ya mchuzi, hata sikumbuki,
na sasa yuko Salala, anauza vipuri,
hapigi simu hata Idi.

Wapo wasemao alinijenga. Wapo wasemao nilimla.
Azzan hajui haya. Alikuwa anafuta kioo
kwa pindo la kanzu, akilaani umande.

Asubuhi Bibi Shinuna alivua bangili saba,
akazipanga kwenye trei, moja moja, kama anaziaga.
"Na wewe?" akauliza, macho kidoleni pangu,
pale penye mstari mweupe.
Yangu ilitoka zamani, nikamjibu,
nikamshika mkono, tukaingia.
Mlangoni nikahisi kitu mfukoni:
ufunguo wa Firq, niliosahau kuuacha nje,
umeanza kuvutwa.