Stuli ya Kumi na Saba

Mpaka ulipita usiku, tumelala,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Hakuna mbwa aliyebweka.
Asubuhi mfereji wa maji machafu ulikuwa palepale,
mbuzi wa jirani palepale, juu ya lundo la maranda yangu,
ila Bi Kihiyo, mtendaji, alikuwa amebandika karatasi
mlangoni kwa ofisi yake, kwa gundi ya uji:
nyumba za kulia, kata ya zamani.
Nyumba za kushoto, kata mpya.
Nikauliza, kushoto ukienda sokoni au ukirudi?
Akasema, Fundi, usilete utani.

Mimi ni wa kushoto, kwenda na kurudi.

Basi niseme nilichokiacha kulia.
Mwaka ule wa michango ya maabara
mwenye elfu ishirini alitoa,
asiye nayo alibeba mchanga.
Mimi nilitoa mkono na randa:
stuli arobaini za Sekondari ya Bustani,
za miguu mitatu, maana sakafu ilimwagwa kwa haraka
na stuli ya miguu mitatu haijui kutetereka.
Chini ya kila moja niliandika namba kwa penseli.
Chini ya ile ya kumi na saba nikaongeza jina,
Mwanakombo.
Alikuwa na miaka sita, hana meno ya mbele.

Mwaka huu orodha zimetoka. Amepangiwa Mkongeni.
Kilomita saba, nyuma ya mkonge uliokufa umesimama,
shule ambayo maabara yake ina kuta nne
na ndani yake pameota mchicha.
Mwalimu wa kemia ndiye wa uraia, ndiye wa michezo.
Asidi anaichora ubaoni:
karatasi kwa chaki ya bluu,
anafuta kwa kiganja,
karatasi ileile kwa chaki nyekundu.
Mmeona? anasema.
Wanasema wameona.

Hilali, mtoto wa mlango unaotazamana na wangu,
nyumba tunayoazimana nayo kinu,
anakwenda Bustani.
Darasa la saba lote alinakili hesabu za binti yangu.
Sisemi kwa wivu.
Nasema kwa wivu.

Nilikwenda kwa Bi Kihiyo mara ya pili.
Ramani imetoka juu, akasema.
Juu wapi?
Akanyoosha kalamu kwenye feni.
Feni ilikuwa haizunguki.

Watu wakanishauri: mwandikishe kwa shangazi yake, kulia,
barua ya mwenyekiti ni elfu thelathini tu.
Nilifika nazo hadi barazani kwa mwenyekiti, nimezikunja ndani ya kofia.
Mwanakombo yuko pembeni yangu, anauliza polepole,
Baba, mwalimu akinituma nyumbani kuleta daftari,
nije wapi?
Tukarudi. Sikumjibu njiani,
na hata leo sijui kama nilifanya vema.
Mama yake anasema sikufanya.

Mwezi wa nne Bustani wakaniita kukaza stuli.
Nikazipindua moja moja.
Ya kumi na saba, penseli haijafutika,
ubavuni mtu amechonga moyo kwa bikari.
Nikaupaka mguu gundi, nikaubana, nikaurudisha.
Kuna kitu mikono ilitaka kufanya,
baiskeli ilikuwa nje, kamba ninayo.
Nikachukua ujira wangu, nikaondoka.
Usiku Mwanakombo akauliza, anakaa nani?
Nikasema sikumwona.

Juzi imekuja barua ya Mkongeni.
Kila kaya elfu ishirini, au mchanga.
Nimenoa randa. Mbao nimezilaza uani, bado mbichi,
zinanuka kama siku ile.
Usiku natoka na tochi kuziangalia,
kisha naimulika barabara, kulia, kushoto,
nikijiuliza ule mpaka utakuwa umelala wapi
nitakapofika ya kumi na saba.