Chujio la Custodio Barría

Punta Arenas, mwezi wa saba, saa mbili na nusu asubuhi,
bado giza, na upepo umeingia kazini kabla yangu.
Nimelibana chujio kwenye jiriwa.
Napitisha msumeno shingoni mwake polepole,
sitaki unga wa msumeno
uchanganyike na ushahidi.

Ni la lori la Oyarzo, mbeba kondoo wa Río Verde.
Anasema injini inaguna, lakini kidogo.
Kila mgonjwa husema kidogo.

Kopo likakubali. Naikunjua karatasi,
mikunjo hamsini na miwili, inanyooka mezani
kama kodiani iliyoanguka kwenye lami.
Hii ilikuwa msonobari.
Ilipikwa, ikapondwa, ikanyweshwa gundi,
ikaokwa mpaka ikasahau kulainika.
Punje kubwa inazishika. Ndogo hupita
kama watoto chini ya uzio wa uwanja wa mpira.

Nilimwambia Oyarzo: chukua la nyuzi za kioo,
mchanga ulioyeyushwa ukavutwa
hadi unywele ukaonekana kamba,
hilo hukamata hata vumbi lisilo na kivuli.
Au la poliesta, halijali maji,
ila sharti lishikwe mgongoni na wavu wa waya.
Akauliza bei. Akaangalia dirishani.
Tofauti ilikuwa mikate minne.

Napitisha sumaku juu ya karatasi.
Chuma kinafuata, kitiifu.
Vinabaki vimeta vyekundu visivyosikia wito:
shaba.
Beringi inajila yenyewe.

Baba yangu asingehitaji sumaku. Alionja.
Alichovya kidole, akagusa ulimi, akatema,
akasema jina la ugonjwa.
Majira yale ya theluji, barabara zimefungwa
na meli ya vipuri imegoma Valparaíso,
lori lake lilikuwa na kopo la kushindilia pamba,
na pamba ilikwisha.
Akatwaa sufu. Akaifua kwa magadi mara tatu
kutoa mafuta ya kondoo,
akaichambua kwa vidole, miiba huku, nyuzi kule,
akaishindilia kwa ngumi, mimi nikishika taa.
“Usikaze mno, Eduvigis.
Chujio likiziba, mlango wa pembeni hufunguka,
uchafu wote ukapita bila hodi.”
Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani anazungumzia lori tu.

Sufu ile ilikaa miaka sita.
Wenye magari walikuja kuitazama,
wakabisha hodi kopo kwa kucha, wakatikisa vichwa.
Aliitwa Mhandisi. Mama alicheka,
lakini jina lile alilipiga pasi kila Jumapili
pamoja na shati lake.

Juma lililopita, siku ya arobaini na tatu tangu tumzike,
nililifungua.
Sufu ilitoka nzima, umbo la kopo,
nje nyeusi kama sufuria ya mkaa.
Nikaipasua kwa kisu cha kukatia gasketi.
Katikati ilikuwa nyeupe.
Nyeupe, kavu, na harufu ya zizi.
Oili haikuwahi kufika.
Ilikuwa imejichimbia njia ukutani,
ikapanda na kushuka miaka yote
bila kuchujwa zaidi ya ukingo wa kidole,
na lori lilitembea, na sisi tulikula.

Sijui nimhesabie kosa au bahati.
Sijamwambia mama.

Nampigia Oyarzo. Simu inaita, inaita.
Pengine yuko barabarani, kondoo sabini nyuma,
shaba yake ikichubuka unga kwa unga,
na redio juu ili asisikie.
Naandika kwenye kadi yake: BERINGI. USIENDESHE.
Naipigia mstari, mara mbili.

Donge jeupe liko mfukoni mwa ovaroli.
Mkono ukifa ganzi kwa spana, nauingiza humo.
Napiga tena.