Ua la Uani

Nyuma ya ghala la maziwa, Kainuu,
pale matrekta yanapogeukia,
Tuovi amepiga magoti kwenye changarawe.
"Si kamomili," anasema. "Hesabu petali."
Nahesabu. Hakuna hata moja.
Kichwa tu, cha kijani kinachoelekea manjano,
kama ua lililotoka nje kabla ya kuvaa.

Anakiminya kwa kucha.
"Nusa."
Nanasi!
Nanasi, kwenye baridi hii
ambako hata tufaha huiva kwa kubembelezwa.

Anacheka. Mama yake, Hilja,
alilijua gugu hili tangu miaka ya vita,
akaiita harufu yake Jumamosi,
maana walilichemsha kwenye maji ya sauna.
Alipofunguliwa kopo la kwanza la nanasi
alikuwa na miaka arobaini na mmoja.
Akasita, kijiko mkononi:
"Nani ametia ua wetu ndani ya bati?"

Nainama nichume langu.
Shina linakatika, kichwa kinabaki.
Ndipo nainua kiatu:
jingine limelala chapachapa chini ya soli,
na ndilo linalonukia kuliko yote.