Kipanda-Gome

Kwanza utadhani gome limesogea.
Usimnyooshee kidole. Tulia.
Ndivyo alivyonifunza Zdenka, tarishi mstaafu,
katika msitu wa Kočevje, theluji ikitufika vifundoni.

Mgongo wa rangi ya majani makavu, tumbo jeupe,
mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia.
Mkia mgumu: anaukalia.
Huanzia shinani, akauzunguka mti
juu, juu, akidonoa buibui nyufani;
akifika matawini hujiachia, adondoke
hadi shina la mti wa pili.
Aanze tena.
“Akishuka kichwa chini, si yeye,”
husema Zdenka. “Huyo ni jirani yake, mwenye kiburi.”

Lakini wapo wawili, pacha kwa manyoya,
cha kuwatenganisha ni sauti tu.
Huyu huvuta uzi mwembamba, sriii,
yule hudondosha matone: tit, tit, tit.

Leo alitua kwenye msonobari, hatua tano tu kutoka kwetu.
Aliita. Mara tatu aliita.
Zdenka, kalamu juu ya daftari
la miaka thelathini na minne,
alinitazama usoni, si mtini.
“Kanyamaza leo,” akasema.

Sikujua nijibu nini.
Nikainua kidole kile kile nilichokatazwa,
nikauchora uzi hewani, polepole,
hadi ulipokatika.

Akaandika jina la ndege, saa, baridi ya asubuhi.
Halafu pembeni, kwa herufi ndogo,
neno ambalo daftari lile halijawahi kuwa nalo:
amesikiwa na Jernej.